Umeshamsponsa mume au mke kuja Kanada, sasa unasubiri: faili linafuatiliwa hivi

Wengi wakishabonyeza kutuma maombi kwenye poto ya PR, yaani ukazi wa kudumu, wanadhani kazi imeisha, kilichobaki ni dua na kufungua imeili kila baada ya dakika kumi. Mimi nawaambia kila siku wadada na wakaka wanaonitafuta kuhusu hili, kazi ya pili ndo inaanza hapo, na ni kazi ya kujua faili lako liko kipande gani, kuhakikisha hakuna karatasi inayokufia mkononi, na kujua lini kuuliza kunasaidia na lini unajichosha bure. Mume wangu alikuwa Tanga mimi niko Edmonton, tumepita humo humo, na tangu aje nimekaa mezani na ndugu wengi wenye wenza Dar, Mombasa, Zanzibar, Nairobi. Naongelea mwenza aliye nje ya Kanada na sponsa anaeishi mkoa wowote kasoro Quebec, sababu Quebec wana hatua yao ya ziada ya serikali ya mkoa na foleni yake peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu muda. Ule muda wa kushughulikia maombi unaouona kwenye tovuti ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, unahusu asilimia 80 ya maombi, maana yake katika kila watu kumi wawili watachelewa zaidi ya hapo na hakuna alieonewa, ndo hesabu yenyewe. Na unabadilika, kwahiyo usishike namba uliyoambiwa na binamu yako aliyemleta mkewe 2019. Fungua tovuti, andika pembeni muda uliokuwepo siku ulipotuma, huo ndo wa kupimia kama umechelewa kweli au ni moyo tu unakimbia.

Kitu cha kwanza utakachosubiri ni AOR, yaani barua ya kwamba maombi yamepokelewa na yamekamilika. Kabla ya hapo wanapekua tu kama kila fomu ipo, kila saini ipo, ada zimelipwa. Kikikosekana kitu wanarudisha mzigo wote, na hapo unaanza upya kama vile hujawahi kutuma, kwahiyo ukiona kimya cha wiki kadhaa bila AOR usianze kuwatumia fomu za maswali, ila angalia spam kila siku, ya kwako na ya mwenza wako na ya wakala kama mnae. Barua nyingi muhimu zinaishia spam, sijui niseme mara ngapi.

AOR ikija ina vitu viwili vya kuvitunza, namba ya maombi na namba ya mteja inayoitwa UCI. Kwa hivyo viwili unafungua akaunti kwenye traka ya IRCC, ukurasa wa kufuatilia maombi ya familia, ambayo ipo tangu Februari 2022, na sponsa anafungua yake na mwenza anafungua yake. Hapa watu wanakwama sana, traka inagoma inasema taarifa hazifanani. Sababu mara nyingi ni jina. Sisi kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, kwenye paspoti yamepangwa hivi, kwenye cheti cha kuzaliwa vile, mara Mohamed mara Muhammad, mara mahali pa kuzaliwa umeandika Muheza na paspoti inasema Tanga. Traka inataka kile ulichoandika kwenye fomu, herufi kwa herufi, kwahiyo fungua nakala ya fomu uliyotuma ukope kutoka humo, usiandike kwa kumbukumbu. Na kama vyeti vyenyewe vinagongana majina, muda huu wa kusubiri ndo wa kula kiapo kwa wakili kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja, usingoje afisa aulize.

Kuna na ile sehemu ya zamani ya kuangalia hali ya maombi, na kuna kuunganisha maombi na akaunti yako ya IRCC. Unganisha vyote kama vinakubali, sababu hua havisemi kitu kimoja kwa wakati mmoja, kimoja kinatangulia kingine kinafata siku kadhaa baadae.

Sasa ndani ya traka utakuta vipande: sifa, uchunguzi wa afya, alama za vidole, ukaguzi wa historia, nyaraka za ziada, usaili, uamuzi wa mwisho. Kila kipande kina neno lake, hakijaanza, kinaendelea, kimekamilika, au tunakusubiri wewe. Hilo la mwisho ndo pekee linalotakiwa kukutoa kitandani. Mengine yasome mara moja kwa wiki, inatosha kabisa. Utaona pia tarehe ya apdeti inabadilika lakini hakuna ujumbe mpya wala neno lililobadilika, watu wanaita apdeti ya mzimu, na wengine wanakesha wanatafuta maana yake. Mtu kagusa faili au mfumo umejigusa wenyewe, basi, usijenge nyumba hapo.

Tupite kipande kimoja kimoja, sio kwa usawa maana havilingani uzito.

Alama za vidole ni rahisi. Barua inakuja, mna siku 30, mwenza anaweka miadi kituo cha kupokea maombi ya viza Dar au Nairobi, anaenda na paspoti na ile barua iliyochapishwa. Ada yake ni dola 85 kwa mtu mmoja, ilipe mwanzoni kabisa na ada nyingine, ukiiacha barua inachelewa. Anaeishi mbali, mfano Kigoma au Lodwar, aanze kupanga safari siku hiyo hiyo barua ikija.

Afya nayo inasubiri maelekezo. Usimtume mwenza kwa daktari yeyote wa mtaani, wanakubali madaktari wa paneli tu, yaani walioidhinishwa na IRCC, orodha iko kwenye tovuti. Majibu yanatumwa moja kwa moja kwao, na yanaishi miezi 12. Hii miezi 12 iandike mahali. Faili likivuta mpaka yakaisha wanaweza kumwambia apime tena, na vilevile kama mke ni mjamzito anaruhusiwa kuahirisha picha ya kifua mpaka ajifungue, ila ajue kipande hicho kitakaa wazi mpaka hapo.

Sifa ya sponsa hua inakuja kabla. Mnapata barua kwamba sponsa amekidhi, faili linaenda kwa afisa wa kumuangalia mwenza, na kwa miaka mingi ofisi ya viza ya Nairobi ndo imekuwa ikishika mafaili mengi ya upande wetu. Watu wanashangilia hii barua kama viza, sio viza. Na hapa nina neno kwa wasponsa ambao bado ni wakazi wa kudumu na sio raia: nyie mnatakiwa muwe mnaishi Kanada muda wote huu. Kwenda kumuona mumeo wiki kadhaa hakuna shida, ni ushahidi mzuri tena, lakini kufunga nyumba ukahamie Mombasa mpaka majibu yatoke kunaweza kukutoa kwenye sifa. Raia anaruhusiwa kuwa nje akionyesha mpango wa kurudi mwenza akipata ukazi. Kuhusu pesa watu wanaogopa bure, kwa mume au mke kwa kawaida hakuna kiwango cha chini cha kipato, ila ukianza kupokea msaada wa serikali wa kujikimu, tofauti na ule wa ulemavu, hapo ndo tatizo. Ukipoteza kazi usikimbilie huko kabla ya kuongea na mwanasheria.

Ukaguzi wa historia ndo unakula watu wa kwetu, na chanzo kiko kwenye ile fomu ya IMM 5669 inayotaka maisha ya mtu mwezi kwa mwezi kwa miaka kumi. Mtu alikaa nyumbani miezi minane baada ya fomu six akisubiri JKT, hakuandika. Alienda JKT, hakuandika sababu kwake ni shule tu, kumbe fomu inauliza huduma ya kijeshi. Alifanya kazi Muscat miaka miwili au Dubai, akaandika ila hakuleta cheti cha polisi cha kule. Sheria yao ni kila nchi uliyokaa miezi sita au zaidi mfululizo ndani ya miaka kumi, tangu ukiwa na miaka 18, unaleta cheti cha polisi. Cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kutuma, kwa Kenya ni kile cha tabia njema cha DCI kupitia eCitizen, Tanzania ni polisi kwa alama za vidole. Cha Oman au Emirates ukiomba ukiwa umesharudi kinachukua muda, kwahiyo kama hukuweka, anza leo, na ukiona pengo kwenye historia uliyotuma peleka fomu iliyorekebishwa na barua fupi ya maelezo kabla hawajauliza. Pengo lililoelezwa ni jambo dogo, pengo analoligundua afisa mwenyewe linamfanya aanze kuangalia na mengine kwa jicho lile lile.

Watoto. Naomba msome hapa polepole. Mwenza wako ana mtoto wa kabla yako, anaishi kwa bibi Lushoto, na mmekubaliana haji Kanada. Bado anatakiwa aandikwe na bado anatakiwa apimwe afya. Mtoto asiyeandikwa na asiyepimwa anatolewa kwenye kundi la familia, na baadae mama yake akitaka kumleta anaweza kukuta mlango huo umefungwa. Hii inahusu mtoto wa chini ya miaka 22 asiye na mume au mke. Kama hukumtaja, mtaje sasa faili likiwa bado halijaamuliwa, hata kama kuna aibu ya kifamilia ndani yake. Na mtoto akizaliwa mkiwa mnasubiri mnatoa taarifa mara moja kwa fomu ya mtandaoni na cheti cha kuzaliwa, cha RITA au cha Kenya. Kama sponsa alikuwa ameshakuwa raia wakati mtoto anazaliwa, ulizeni kwanza kama mtoto tayari ni raia kwa damu, hapo njia ni ya cheti cha uraia na sio kumuongeza kwenye maombi.

Ndoa yenyewe. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haitambui kwa ajili ya uhamiaji ndoa ambayo mmoja hakuwepo kimwili, iwe kwa wakala, simu au video. Najua kwetu bwana yuko Toronto, kaka yake anakubali nikaha kwa niaba yake pale Chake Chake, na mbele ya Mungu na familia ni ndoa kamili. IRCC haiipokei. Waliofanya hivyo wakatuma maombi wasikae wanasubiri traka iwaambie, waende kwa mwanasheria wajue kama wafunge upya wote wakiwepo na waombe upya, maana kila mwezi wa kusubiri hapo unapotea. Vilevile ndoa ya mke wa pili haipiti.

Ushahidi wa uhusiano nao unaendelea kukua, usiuache ulipoishia siku ya kutuma. Mimi nashauri folda moja ya pamoja, kila mwisho wa mwezi mnaweka skrinshoti chache za WhatsApp, orodha ya simu, risiti za pesa za M-Pesa au za kampuni za kutuma pesa, tiketi na mihuri ya paspoti kama mmeonana. Usimtumie afisa kila mwezi, unamjazia faili. Unatuma akikuomba, au likitokea jambo zito kama safari ya kumtembelea au ujauzito, au faili likikaa muda mrefu sana bila kuguswa unatuma kifurushi kimoja kilichopangwa vizuri. Na chati za Kiswahili zinatakiwa tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, na kiapo cha mtafsiri kama hana ithibati, na mtafsiri asiwe ndugu yenu. Chagueni kurasa chache zenye maana, kutafsiri kurasa mia tatu za "umekula?" ni pesa nyingi kwa faida ndogo.

Halafu mueleze afisa mila zetu, maana kwenye picha yeye haoni unachokiona wewe. Picha ya wazee kwenye mkeka ni posa, bahasha ni mahari, wanawake peke yao wenye khanga sare ni kitchen party, ukumbi wa rangi moja ni send-off, na daftari la kamati lenye majina na michango ni ushahidi mkubwa kuliko watu wanavyodhani, majina mia na hamsini ya watu waliotoa pesa zao ili nyie muoane. Andika chini ya kila picha nani ni nani na tarehe. Kama harusi ilikuwa ndogo, watu kumi msikitini na pilau nyumbani, eleza kwanini, msiba, pesa, likizo fupi, chochote cha kweli. Afisa anapima vitu viwili, kama ndoa ni ya kweli na kama haikufungwa kwa lengo kuu la kupata ukazi, na kuanguka kimoja tu kunatosha kukataliwa.

Wakiita usaili msiogope, sio hukumu. Mwenza aende anajua yaliyomo kwenye fomu ya IMM 5532, ile ya maelezo ya uhusiano wenu, kwa sababu ni maisha yake, sio kwa kukariri. Ataulizwa mlivyokutana, nani alikuwepo harusini, mume anafanya kazi gani na zamu gani, mkishakaa pamoja mna mpango gani. Kitu asichokijua aseme hakijui.

Sasa kuuliza. Ngazi ya kwanza ni fomu ya mtandaoni ya IRCC. Itumie kutoa taarifa, anwani mpya, paspoti mpya, mtoto, sponsa kapata uraia, na ukitaka kuuliza hali uliza pale muda uliotangazwa umepita. Ngazi ya pili ni noti za GCMS, mfumo wa kompyuta wa IRCC wa kutunza mafaili, yaani unaomba kuona faili lako kwa sheria ya upatikanaji wa habari, ada dola 5, sponsa aliyeko Kanada anaweza kuomba kwa fomu ya ridhaa ya mwenza, na sheria inawapa siku 30 kujibu ingawa wanaweza kujiongezea. Usiombe mwezi wa pili, utapata kurasa tupu. Omba faili likishafika kwa afisa na likakaa. Zikija ruka mbele mpaka kwenye maandishi ya afisa, halafu tazama mistari ya sifa, uhalifu, usalama, afya, kila mmoja una neno lake. Ukiona sifa imepita na uhalifu umepita na afya imepita ila usalama haujaanza, unajua sasa unasubiri nini, na usingizi unarudi hata kama jibu halijarudi.

Ngazi ya tatu ni mbunge wa jimbo lako hapa Kanada. Ofisi zao za jimboni zina mtu kazi yake ni mambo ya uhamiaji, ni bure, huhitaji kuwa umempigia kura wala kuwa raia, unajaza ridhaa wanauliza kwa niaba yako. Hawawezi kuamua faili, lakini nimeona mara nyingi swali lao likipata jibu lenye nyama wakati la mwombaji lilijibiwa kwa maneno yale yale ya siku zote. Ya mwisho kabisa ni Mahakama ya Shirikisho, amri ya kuilazimisha idara itoe uamuzi, hiyo ni kwa ucheleweshaji uliopita kiasi na usiende bila mwanasheria.

Mtu yeyote anaekwambia ana mtu wake ndani ubalozini, tuma laki tano faili lisogee, ni tapeli, hata kama mnasali nae. Anaeruhusiwa kulipwa kwa ushauri ni mwanasheria aliyesajiliwa, noteri wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na CICC, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji, majina yao unayatafuta onlaini bure.

Kuna barua mbili za kujibu haraka. ADR ni ya kuomba nyaraka, jibu ndani ya tarehe, na kama kitu hakijatoka tuma ulichonacho na ushahidi kwamba umeomba kingine. Nyingine ni barua ya kukupa nafasi ya kujieleza, hiyo maana yake afisa ana shaka na anaelekea kukataa, usijibu mwenyewe usiku ukiwa na hasira, tafuta mwanasheria siku hiyo hiyo. Na wakikataa kabisa, sponsa ana siku 30 tangu apate barua kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji, IAD.

Wakati huo huo mwenza anaweza kuomba viza ya kutembelea. Sheria inakubali mtu awe na nia mbili, kutembelea sasa na kuhamia baadae, mradi afisa aamini kwamba ataondoka akitakiwa. Na tangu Mei 2023 mwenza aliyeko Kanada na sponsa wake, maombi yakiwa yameshapokelewa, anaweza kuomba kibali cha kazi cha wazi, kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, hata kama maombi yalikuwa ya nje. Kunyimwa viza hii hakuui maombi makubwa, ila mkiulizwa siku nyingine kama mmewahi kunyimwa, semeni ndio.

Barua ya kuomba paspoti ikija, angalieni kwanza kama ada ya haki ya ukazi wa kudumu imelipwa. Ilipandishwa kuwa dola 575 tarehe 30 Aprili 2024, lipa kiasi kilichopo siku unayolipa. Paspoti iwe na maisha ya kutosha, maana COPR, yaani hati ya kuthibitisha ukazi wa kudumu, inafuata muda wa vipimo vya afya au wa paspoti, kinachoisha kwanza, na haiongezwi. Asikate tiketi kabla paspoti haijarudi mkononi. Siku hiyo hiyo ikirudi akague kila herufi ya jina na tarehe ya kuzaliwa, na kama kuna kosa aseme kabla ya kusafiri. Akifika uwanjani aingie na COPR kwenye begi la mkononi, aulizwe kama ana mabadiliko ya ndoa au watoto ajibu kweli, na atoe anwani ya Kanada ya kutumiwa kadi ya PR, kama bado hana basi aiweke ndani ya siku 180, zikipita kadi atailipia.